Mayai Laini na Kuku Wanaokula Mayai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga kuku nyuma ya nyumba, Kigamboni, mwaka wa nane sasa. Leo wako 23: wengi chotara, wachache kienyeji, na jogoo mmoja anayejiona mwenyekiti wa mtaa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa getini, dukani kwa muuza pembejeo, hata msibani. Nimeanza na gamba, mdomo nikauweka baadaye, kwa sababu karibu kila banda la walaji mayai nililowahi kuingia lilianza na mayai ya gamba bovu. Ukimshughulikia kuku ukaliacha gamba, utachinja mpaka uishiwe.

Asubuhi nimekuta yai chini ya kichanja, halina gamba kabisa. Hiki ni kitu gani?

Liokote kama halijapasuka. Utaona limekaa kama kifuko cha maji: ukilibonyeza kidole kinaacha bonde, ukiliinamisha kiini kinatelezea upande wa pili. Hilo ni yai kamili lililotoka na utando wake tu, halijavalishwa gamba.

Tangu kiini kiachiliwe hadi yai litagwe hupita kama saa 25, na takriban 20 kati ya hizo hutumika mahali pa mwisho, pale gamba linapojengwa. Kazi hiyo kubwa hufanyika usiku, kuku akiwa amelala. Yai likisukumwa nje kabla ya wakati, au kalsiamu ya kujengea isipokuwepo, linatoka hivyo hivyo. Na kwa kuwa mengi hudondoka usiku kuku akiwa kichanjani, hutalikuta kiotani. Utalikuta kwenye maranda, limechanganyika na kinyesi, au utakuta alama yake tu ya unyevu kwa sababu wenzake wamewahi kuamka kuliko wewe.

Nihangaike lini, na lini niache?

Tetea anayeanza kutaga, wiki ya 18 hadi ya 22 hivi, anaweza kutoa moja mawili laini kabla mwili haujazoea. Kuku aliyefukuzwa na mbwa au aliyeshtuliwa na muziki wa harusi ya jirani usiku kucha anaweza kutoa moja kesho yake. Kuku mzee naye: mayai yake huwa makubwa zaidi huku kalsiamu ikiwa ile ile, basi gamba linatandazwa mpaka linakuwa jembamba.

Yai moja laini kwa mwezi kwenye kundi la kuku kumi halinikoseshi usingizi. Likitokea kila siku mbili tatu, au mayai ya kuku wengi yanavunjika ukiyashika tu, hapo kaa chini uangalie chakula, maji na joto, kwa mpangilio huo.

Kuku wangu wanakula mpaka wanasaza. Watakosaje kalsiamu?

Kushiba na kupata ni vitu viwili. Tupige hesabu. Gamba la yai moja lina kalsiamu kama gramu 2. Kuku hafyonzi yote anayokula, karibu nusu hupita. Kwa hiyo anahitaji kula kama gramu 4 kwa siku anayotengeneza yai. Chakula cha kutagia cha kiwandani kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4.5, na kuku wa mayai hula gramu 110 hivi kwa siku. Inatosha, bila ziada ya kujivunia.

Sasa mwekee gramu 110 hizo hizo za pumba za mahindi. Kalsiamu yake haifiki hata robo gramu. Wengi wetu chakula kikipanda bei tunachanganya nusu kwa nusu, "ili kisogee". Kinasogea kweli, lakini yai sasa linajengwa kwa nusu ya vifaa. Hiyo nusu nyingine kuku anaikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana baadhi ya kuku wanaotaga sana huanza kuchechemea, kisha siku moja unamkuta amekaa tu hawezi kusimama.

Hapa ndipo wazazi wetu wanapotuuliza, "Mbona sisi tulifuga kwa pumba na makombo na hatukuwahi kuona mayai ya mpira?" Wanasema kweli. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, anaatamia, analea, anapumzika wiki nyingi. Deni analolikopa mifupani analilipa akiwa anachakura uani. Chotara na wale wa kisasa hutaga karibu kila siku, mwezi baada ya mwezi. Amekopa jana, anakopa leo.

Nikamnunulie chokaa. Chokaa gani hasa?

Nalitaka swali hili lisomwe polepole, maana neno moja "chokaa" linabeba vitu vitatu, na viwili kati yake vinaunguza.

Ya kwanza ni chokaa ya mifugo: mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, hayakuchomwa. Hiyo ndiyo chakula. Ya pili ni mawe hayo hayo, au matumbawe, yaliyochomwa kwenye tanuri; ukiyatia maji yanachemka yenyewe. Kwa chokaa iliyochomwa hivyo wazee wa pwani walijenga Mji Mkongwe na misikiti ya Kilwa. Ya tatu ni hiyo ya pili ikiisha kuzimwa kwa maji, unga laini mweupe wa kupaka ukuta au kuua wadudu bandani. Hizi mbili za mwisho huunguza mdomo, koo na tumbo la kuku.

Mimi niliwahi kupimiwa ya ukutani kwenye mfuko wa nailoni, muuzaji akiniapia kwamba "zote chokaa tu, mzee". Kilichoniokoa ni vidole: niliishika nikiwa na jasho, ikawa na utelezi kama sabuni, baadaye ngozi ikakauka na kuwasha. Tangu siku hiyo nanunua iliyofungwa na kuandikwa kuwa ni ya mifugo, hata kama ya kupima ni nafuu.

Jambo la pili ni ukubwa wa chembe. Unga laini hupita haraka tumboni. Chembe zenye ukubwa kama chenga za mchele, au kubwa kidogo, hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku, saa zile zile gamba linapojengwa. Ziweke kwenye chombo chake pembeni, usizichanganye na chakula. Kuku anayetaga huzila mwenyewe, hasa jioni, na asiyetaga huzipita. Ukichanganya kwa lazima, unamlisha na asiyehitaji.

Makombe ya baharini je? Huku kwetu yamejaa ufukweni.

Yanafaa sana, na mimi ndiyo natumia. Makombe ya chaza ni karibu kalsiamu kabonati tupu, sawa na gamba lenyewe. Yaoshe kwa maji baridi mara mbili tatu kutoa chumvi na mchanga, yaanike, uyatwange kwenye kinu cha zamani usichotwangia chakula cha watu. Usiyachome mpaka yageuke unga mweupe. Utakuwa umetengeneza ile chokaa ya pili.

Nikiwapa maganda ya mayai, si ndiyo nawafundisha kula mayai?

Ukiwatupia maganda nusu nusu, yenye ute ndani, ndiyo, unawafundisha. Ukiyakausha juu ya kikaango au juani mpaka yakatike kwa kishindo, kisha ukayasaga yasifanane tena na yai, hapana. Kuku hajui kemia. Anajua umbo, rangi na harufu. Lakini usiyategemee peke yake, kwa sababu kila gamba unalorudisha lilitoka kwa kuku huyo huyo na mengine umeyauza.

Nimebadilisha chakula, naweka na makombe, lakini miezi ya joto gamba linalegea tena.

Dar mwezi wa Desemba hadi Machi hata sisi hatuli vizuri. Kuku hana jasho. Anapoa kwa kuhema mdomo wazi. Anapohema hivyo anapoteza hewa ya ukaa kwa wingi, na damu yake inabakiwa na malighafi kidogo ya kujengea gamba. Wakati huo huo anakula kidogo. Kwa hiyo hata chakula kikiwa bora, kinachoingia mwilini ni pungufu.

Kivuli juu ya bati (makuti yanashinda kila kitu nilichojaribu), kuta za wavu ili upepo upite, chakula asubuhi na mapema kabla jua halijakolea na tena jioni. Maji ya baridi yabadilishwe mchana. Kuku anayekunywa robo lita siku ya kawaida anaweza kunywa mara mbili yake siku ya joto kali.

Maji ya kisima yanaweza kuwa chanzo?

Yanaweza, na ni jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau. Visima vyetu vingi huku vina chumvi. Chumvi kwenye maji ya kunywa hudhoofisha gamba hata kuku akionekana mzima kabisa. Kama chai ya maji hayo ina ladha ya chumvi mdomoni mwako, wape watagaji maji ya bomba au ya mvua. Kwangu nilitenga pipa moja la mvua kwa ajili yao tu, na mke wangu hajanisamehe bado.

Nitajuaje kama ni ugonjwa?

Angalia kundi. Chakula kibovu huleta matatizo polepole. Ugonjwa huja kwa kishindo: jumatatu unaokota mayai 15, ijumaa 6, na kati ya hayo 6 manne ni laini au yamepauka au yana mikunjo. Kideri hufanya hivyo, pamoja na mafua, kinyesi cha kijani, shingo kupinda na vifo. Mkamba wa kuku huacha mayai yaliyopinda, yenye mikunjo na ute mwepesi kama maji. Upo pia ugonjwa wa virusi ambao kuku wanaonekana wazima kabisa, wanakula, wanawika, ila mayai yanapauka na kukosa gamba.

Hapo mwite daktari au afisa mifugo wa kata. Usianze kununua antibayotiki kwa kubahatisha, maana virusi haviuawi na antibayotiki, na dawa za jamii ya salfa zenyewe hulegeza gamba. Ukitumia dawa yoyote kwa watagaji, soma muda wa kutouza mayai na uufuate. Chanjo ya kideri irudiwe kila miezi mitatu. Usisubiri uzisikie habari za vifo kwa jirani.

Kuku wangu mmoja amesimama wima mkia chini, anasukuma, hakuna kinachotoka.

Huenda yai limekwama, na yai laini hukwama kirahisi kwa sababu misuli haina kitu kigumu cha kushika. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, dakika 20. Mpake mafuta kidogo ya kupikia sehemu ya kutagia, muweke mahali penye giza na utulivu. Usimkamue tumbo, yai likipasukia ndani anaweza kufa. Akimaliza siku moja hivyo, ni kazi ya daktari.

Yai laini linalika?

Kama ni la leo, safi na utando haujachanika, likaange mpaka liive kabisa. Utando peke yake hauzuii vijidudu kama gamba linavyozuia, kwa hiyo lililolala kwenye kinyesi usiku kucha litupe. Na usimuuzie mtu.

Mayai yanapotea. Nitajuaje kama ni kuku au ni mwizi mwingine?

Kiota kinasema. Kuku akila yai huacha unyevu, nyasi zilizogandana kwa ute na vipande vidogo vya gamba, au asiache gamba kabisa, maana naye analihitaji. Yai limetoweka zima bila tone: fikiria nyoka, kenge, au mtoto wa jirani. Panya hulivuta mpaka pembeni na kuacha ganda lililotafunwa kando ya ukuta. Kunguru huingia mchana kweupe, hutoboa tundu na kunyonya, au huondoka nalo; utakuta maganda juu ya bati. Nguchiro hulibamiza kwenye kitu kigumu, kwa hiyo tafuta maganda karibu na jiwe.

Kwa nini kuku ale yai lake mwenyewe?

Kwa sababu ni tamu, na aligundua kwa ajali. Hakuna kuku anayeamka siku moja akaamua. Yai laini limepasukia kichanjani, au lenye gamba jembamba limekanyagwa kwenye kiota kinachogombewa na kuku watano. Mmoja anadonoa akidhani ni kitu cha kawaida, anakuta kiini. Kesho yake anajaribu kudonoa zima. Wengine wanamtazama, na kuku huigana haraka kuliko watoto.

Njaa ya protini huharakisha mambo. Kundi linaloishi kwa pumba bila dagaa wala mashudu ya alizeti liko tayari kwa somo hilo. Msongamano nao: zaidi ya kuku watano kwa mita moja ya mraba, hawana la kufanya ila kudonoana na kudonoa kilicho mbele yao.

Nimpateje mhalifu?

Wengi hutaga kati ya saa moja asubuhi na saa sita mchana. Geuza ndoo, kaa mbele ya tundu la ukuta, na uwe na subira. Hivyo ndivyo nilivyomnasa Mama Ntilie wangu, chotara mwekundu aliyepewa jina hilo kwa kushinda mlango wa jikoni. Ulikuwa ule mwaka nilipochanganya chakula na pumba. Saa nne asubuhi mwenzake alitaga, akainuka akitetea kwa kelele. Mama Ntilie alikuwa amesimama nje ya kiota kama mtu kwenye foleni. Aliingia, akalitazama yai kwa jicho moja, akageuza kichwa akalitazama kwa jicho la pili, kisha akalipiga mara tatu mahali pamoja. Dakika mbili hazikwisha, wanne walikuwa wameshaungana naye.

Kama huna nafasi ya kukaa, jioni kagua midomo: kiini kikikauka huacha ukoko wa njano pembeni mwa mdomo na kwenye manyoya ya shingo.

Jirani kanishauri nitie pilipili ndani ya yai. Inafanya kazi?

Haifanyi. Ndege hausikii ukali wa pilipili jinsi sisi tunavyousikia. Kasuku anaimumunya pilipili kichaa kama peremende. Utampa kuku yai lenye kiungo.

Kinachosaidia ni kitu kigumu. Mpira wa gofu, yai la mti lililochongwa, au jiwe laini jeupe la ufukweni lenye ukubwa wa yai. Weka mawili matatu kwenye kila kiota, okota mayai halisi mara tatu au nne kwa siku kwa wiki mbili. Anadonoa, mdomo unauma, hapati kitu. Anayeanza tu huacha. Aliyebobea huanza kutofautisha, na huyo anahitaji dawa nyingine.

Nimkate mdomo?

Sipendi. Ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu, na kuku mkubwa aliyekatwa vibaya hali vizuri wiki nzima. Zaidi ya hapo, yai laini halihitaji mdomo mkali. Hata butu unalipasua. Kumtenga wiki moja kwenye tundu lake, ale vizuri na mayai yake yaokotwe papo hapo, kumenisaidia kuliko wembe.

Kiota kiweje?

Kimoja kwa kuku wanne au watano, sentimita 30 kwa 30, kiwe chini ya kichanja kwa urefu ili wasikigeuze kuwa kitanda. Pumba za mpunga au maranda, unene wa vidole vinne, visipungue. Mlangoni ning'iniza kipande cha gunia. Giza ni nusu ya dawa: kuku hadonoi asichokiona.

Nimefanya yote hayo, bado mmoja anakula. Nichinje?

Unaweza, wala sitakulaumu. Supu ya kuku anayetaga ina mafuta mazuri. Ila kabla ya kisu jaribu kiota cha mteremko. Sakafu ya ubao, mbele ishuke kama sentimita nne kuliko nyuma, juu yake mkeka wa plastiki usio na pumba, na ukutani mwa mbele uache mwanya unaotosha yai kupita tu. Yai likitagwa linabingirika taratibu hadi kwenye kisanduku kilichofunikwa, wewe unafungua kwa nje. Fundi wa mtaani hukitengeneza kwa mabaki ya mbao nusu siku. Kikikataliwa siku za kwanza, wafungie viota vingine vyote. Gamba likiwa bado laini hakitasaidia, litapasukia njiani, kwa hiyo kalsiamu iwe imeshatengemaa. Wiki moja mbili za chakula sahihi kwa kawaida zinatosha kuona tofauti.

Mama Ntilie yupo bado. Hutaga saa tatu, anasimama, anageuka kutafuta alichokitaga, anainamisha kichwa na kuuchungulia ule mwanya kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Halafu anatoka kwenda mlango wa jikoni.